Kitambaa Kwenye Meno ya Kapita

Nyinyi vijana muliobaki na kazi hii, wewe wa Kasongo uliyechukua minyororo yangu na wewe wa Kabambare uliyechukua vitunga, muliniomba niwaandikie namna ya kulea watoto wa mbwa na kuwatoa tabia mbaya. Basi nimekaa na kalamu. Niliishia mwaka wa tatu wa primeri, kwa hiyo musitafute uzuri wa herufi. Tafuteni mbwa. Mbwa nawajua. Toka Kasongo mpaka Salamabila hakuna mutu aliyelea watoto wa mbwa wengi kunipita, na hakuna mwalimu aliyenipa kazi hii kwenye karatasi. Wawindaji walikuja kwangu. Wachuruzi wa dhahabu walikuja kwangu. Hata padri mumoja alikuja kuchagua mwenyewe, akakunja kanzu isichafuke. Watu wananiita Profeseri, na jina hilo nililipenda kuliko ilivyofaa.

Lakini ninawaambia mapema: nimeacha kazi, na mpaka leo mutoto wa mbwa akifungua mudomo karibu na mutu, ninaangalia kwanza nguo ya yule mutu. Zamani sikuiangalia. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nitaifikia.

Kazi niliianzia kwa Mama Feza, mujane wa mwindaji, Mubangubangu kwa kabila, aliyekaa pembeni ya Kasongo kwenye njia ya kwenda mutoni. Mimi nilikuwa nasukuma baiskeli za mafuta ya mawese, kijana mwenye miguu tu. Siku moja baiskeli ilianguka mbele ya nyumba yake, mafuta yakamwagika, na watoto wa mbwa sita wakatoka kuyalamba. Walikuwa wale mbwa wetu wekundu, mukia umejikunja, masikio yamesimama, wale ambao hawabweki na ndiyo maana mwindaji anawafunga kengele ya muti shingoni ili ajue wako wapi porini. Mumoja akanishika kidole. Nikamupiga kofi. Mama Feza akatoka na mwiko wa ugali, akanipiga nao kwenye mukono uleule.

"Wewe ulipoota meno, nani alikupiga?" akaniuliza.

Nikamujibu kwamba sikumbuki. Akasema hata huyu hatakumbuka kofi, atakumbuka mukono. Kesho yake nilirudi. Nilisema nimerudi kuomba musamaha juu ya mafuta, lakini kweli nilirudi kuangalia wale mbwa, na nikabaki miaka.

Namna yake ya kuzuia meno ndiyo namna yangu, na ninyi muishike. Mutoto wa mbwa anauma sababu meno yanamuwasha na sababu hivyo ndivyo anavyocheza na ndugu zake. Akikuuma, lia kidogo kwa sauti nyembamba, namna ndugu yake angelia. Ondoa mukono polepole. Ukiuvuta haraka, unakuwa panya na atakufuata. Mugeuzie mugongo. Muchezo umekwisha. Ukipumua mara kumi hivi, murudie, na umupe kitu chake cha kutafuna: kipande cha ngozi ya mbuzi iliyokauka, au kamba nene uliyoifunga fundo na kuilowesha maji ya baridi. Na watu wote wa nyumba wafanye vilevile. Baba akicheka akiumwa na mama akipiga, mbwa hajifunzi kitu isipokuwa kwamba binadamu wana wazimu.

Kitu kimoja alinikataza. Nilikuwa nimechukua kipande cha kikwembe, nguo ya wanawake ya kujifunga, kilichochakaa, nikawa navutana na mutoto mumoja wa mbwa, naye akinguruma vizuri sana, na mimi nikicheka. Mama Feza akakichukua kile kitambaa, akakitupa motoni.

"Kitambaa ni mutu," akasema. "Mbwa hajui nguo inaishia wapi na mutu anaanzia wapi."

Nilimuitika ndiyo, mama. Niliitika namna vijana wanavyoitika.

Kuhusu kuku, kule kwetu watu wana dawa yao: mbwa akiua kuku, wanamufunga kuku yule shingoni mpaka aoze. Nimeona nyumba nyingi zikifanya hivyo, na nimeona mbwa wengi wakitembea na kuku aliyeoza huku wakiangalia kuku mwingine. Mama Feza alifanya kinyume. Alichukua mutoto wa mbwa angali mudogo, mwenye miguu ya kuyumba, akamuweka uani pamoja na kuku mwenye vifaranga. Kuku mwenye vifaranga ni mwalimu mukali kuliko mimi. Akidonolewa pua mara mbili, mutoto wa mbwa anajifunza kuzunguka mbali. Muhimu ni umri. Ukimungoja mpaka awe na nguvu, somo litamugeukia kuku.

Kukojoa nyumbani ndiko kulikonipatia jina. Yule padri aliniita kwa sababu mutoto wa mbwa wake alikojoa jikoni kila siku, na mupishi alikuwa akimusugua pua kwenye mukojo. Nikamuambia mupishi aache, mbwa anadhani unamulisha. Nikamupa sheria tatu: mutoe akiamka, mutoe akimaliza kula, mutoe akimaliza kucheza. Muende mahali palepale, usimame, unyamaze, ungoje. Akikojoa nje, mupe kipande kidogo cha samaki mukavu palepale, usingoje kurudi ndani. Mahali alipokosea jikoni, osheni na majivu na maji mpaka harufu iishe, maana anasoma kwa pua. Juma la tatu jiko lilikuwa kavu, na padri akasema mbele ya watu baada ya misa kwamba mimi ni profeseri wa mbwa. Alikuwa anatania. Mimi sikulichukua kama utani.

Kuhusu kurukia watu, sitaandika mengi. Anaruka sababu anataka uso wako. Usimupe uso mpaka miguu yote mine iko chini. Na mbwa wa kwenda Salamabila amalize kuogopa pikipiki ukiwa naye nyumbani, siyo njiani. Wekeni chakula karibu na pikipiki iliyozimwa, siku nyingine iliyowashwa, siku nyingine inayotembea. Nimepoteza mbwa wawili porini kabla ya kujua hilo, na wote wawili walikuwa wazuri.

Mama Feza alikufa wakati dhahabu ya Salamabila imeshaleta watu wa kila upande, na wanunuzi wakabadilika. Mwindaji anataka mbwa mwenye pua na utii. Muchuruzi anataka mbwa anayetisha. Ataangalia mutoto wa mbwa wa miezi mitatu, amelala, tumbo limejaa, ataniuliza, "Huyu atafanya nini?" Na mbwa wetu hawabweki. Ukimuambia mutu atakuwa mulinzi mwema kwa sababu anajua nani ni wa nyumba na nani si wa nyumba, atakwenda kununua kwa mutu mwingine, mwenye mbwa wa kupiga kelele.

Basi nikatafuta kitu cha kuonyesha sokoni. Nilifunga kitambaa kwenye fimbo, nikakitikisa, na mutoto wa mbwa alipokirukia nikasema, "Shika." Nikamupa nyama. Siku chache tu, na alikuwa anaruka juu hewani kwa neno moja, anabaki ananing'inia kwenye kitambaa, miguu haigusi chini, na watu wa soko wanapiga makofi. Hakuna aliyeuza mbwa namna nilivyouza mimi miaka ile. Nilimukumbuka Mama Feza, ndiyo. Nikasema moyoni kwamba yeye hakuijua Salamabila.

Ramazani alikuja kwangu msimu wa mvua. Alikuwa anauza dhahabu Salamabila, lakini mukewe na mutoto wao walikaa Kabambare, na kwa kuwa yeye anakuwa mbali, alitaka mbwa wa kukaa karibu na lango. Ni Mwislamu wa kushika dini. Aliniambia wazi kwamba mbwa hataingia nyumbani, na kwamba nimufundishe asilambe watu, kwa sababu mate yake yakikugusa unaosha mara saba. Nikamutania kwamba atanunua sabuni nyingi. Hakucheka. Aliniuliza maswali mawili tu: huyu anauma watoto, na huyu amechomwa sindano ya kichaa cha mbwa?

Nikamujibu, "Mbwa wangu hamuumi mutoto. Na sindano imekwisha."

Juu ya sindano, nilikuwa na hesabu yangu. Veterineri, daktari wa wanyama, alipita Kasongo mwaka ule, akamuchoma mama wa mbwa huyu kabla hajazaa. Mimi nilisema moyoni, mutoto amenyonya maziwa ya mama, sindano imo ndani ya maziwa. Nilikuwa sijamuuliza mutu yeyote. Profeseri hamuulizi mutu.

Mbwa huyu, Kapita, alikuwa na miezi mine, mwekundu, kifua cheupe. Jina alimupa Ramazani; kapita ni musimamizi wa kazi. Nilimuweka kwenye kitunga nyuma ya pikipiki na tulitembea siku mbili mpaka Kabambare, mahali pengine tukisukuma kwenye matope, yeye akitoa kichwa na kuangalia kazi yetu kama musimamizi kweli. Nilikaa siku ya kwanza nikionyesha watu wa nyumba namna ya kumulisha na kumutoa. Siku ya pili asubuhi nilikuwa nakunywa chai na Ramazani barazani, nikimuhadithia habari za padri.

Binti yake, Zaina, wa miaka saba, alirudi kutoka chuo cha Kurani. Alikuwa amevaa ushungi murefu, ule unaoshuka mpaka kwenye magoti, na alikuwa anakimbia. Ushungi ulipepea. Kapita aliruka juu bila sauti, akashika kitambaa, na mukono ulikuwa ndani ya kitambaa.

Nilifika kabla ya baba yake. Kapita aliachia mara moja. Kwenye mukono chini ya kiwiko kulikuwa na matundu mawili, na damu ikaanza kutoka. Mama Zaina hakupiga kelele. Alimubeba mutoto mpaka kwenye mutungi, akachota udongo, akamupaka, akaanza kumuosha kwa maji na sabuni, na nikasikia anahesabu kwa sauti ndogo. Mimi nikaona anapoteza wakati kwa mambo ya najisi na mutoto anatoka damu. Nikamuambia twende kwanza kituo cha afya.

"Kwanza maji," akasema, na hakunitazama. Alimaliza mara saba.

Kabla hatujatoka, vijana wa jirani walishafika na fimbo. Mumoja alitaka kukata nywele za mbwa, azichome, apake jivu kwenye kidonda. Wengine walitaka kumuua Kapita palepale. Nikamufungia kwenye zizi la mbuzi la zamani, la mbao, nikasimama mbele ya mulango wake mpaka Ramazani alipowaambia waende, na hata hivyo hawakwenda mbali.

Infirmieri, yaani muuguzi wa kituo, aliitwa Alfonse, mutu wa maneno machache. Aliuliza tulifanya nini kwanza. Mama Zaina akamuambia: mara saba, ya kwanza na udongo.

"Udongo kwenye kidonda hapana, mama, siku nyingine usiweke," Alfonse akasema. "Lakini hayo maji na sabuni, umefanya kazi kunipita mimi."

Akauosha tena mukono ule chini ya maji yanayotiririka, kwa muda murefu sana, mpaka Zaina akamuuliza kama anataka kuutoa rangi. Halafu Alfonse akanigeukia. Alitaka karatasi ya sindano ya mbwa.

Nikasema iko Kasongo. Ramazani akaitika kwa ajili yangu, "Iko Kasongo, aliniambia." Aliitika bila wasiwasi, namna mutu anavyoitikia kitu anachokiamini, na hapo ndipo nilipomukumbuka mbwa wa manjano. Majuma matatu hivi kabla, mbwa nisiyemujua aliingia uani kwangu muchana kweupe, anatembea upande, mudomo umelegea, mate yanamutoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye watoto wa mbwa. Nilimutupia ukuni, akatoka. Sikujua alifia wapi. Sikumuambia hata muke wangu, kwa sababu nilikuwa na watoto wa mbwa wanne wa kuuza.

Ningeweza kunyamaza. Nataka mulijue hilo, kwa sababu siku moja mutasimama mahali pale. Karatasi ingebaki Kasongo, na mbwa wa manjano angebaki kichwani kwangu.

"Hakuna karatasi," nikasema. "Sindano alichomwa mama yake. Huyu hakuchomwa. Na kuna mbwa mugonjwa alipita kwangu, sijui kama alimugusa."

Ramazani aliniangalia, kisha akaangalia ukuta. Mama Zaina akamuvuta mutoto karibu na tumbo lake.

Alfonse hakunitukana. Alisema ugonjwa huu ukishaonekana kwa mutu hakuna dawa, kwa hiyo dawa inapaswa kufika kabla. Hapo kituoni hakuwa nayo. Angepiga simu waitume kutoka Kindu, na mutoto angechomwa siku ileile itakapofika, bila kungoja mbwa. Halafu akasema mbwa asiuawe. Mbwa mwenye ugonjwa kwenye mate hamalizi siku kumi bila kuonekana. Akifika siku ya kumi muzima, basi siku ile aliyouma hakuwa na kitu cha kumupa mutoto.

"Na dawa ikichelewa?" Mama Zaina akauliza.

"Tutakuwa na mbwa tu wa kutuambia," Alfonse akasema. "Profeseri atamuangalia."

Nilimuangalia. Ramazani hakurudi Salamabila. Alinipa mukeka kwenye baraza, mbali na mulango, na siku zile hakunisemesha zaidi ya ndiyo na hapana. Kazi yangu ilikuwa kusogeza bakuli la maji kwenye zizi kwa fimbo ndefu, maana Alfonse alikataza mukono kupita mbao, na kukaa kuangalia. Anakunywa? Anameza? Sauti yake imebadilika? Mudomo wa chini unaanguka? Nyuma inayumba? Haya Mama Feza alinifundisha yote, na nilikuwa nayajua namna mutu anavyojua njia ambayo hajapita. Maisha yangu yote nilikuwa nimeangalia watoto wa mbwa ili niwaonyeshe watu uzuri wao. Sasa nilikuwa nahesabu kila anavyomeza mate.

Kila asubuhi Zaina alisimama kwenye mulango wa nyumba, mukono umefungwa kitambaa cheupe, akauliza kwa sauti ya kupita uani:

"Profeseri, amekunywa?"

"Amekunywa."

"Na wewe?"

Alikuwa ameliona bakuli langu la chai limejaa.

"Basi Kapita ana akili kukupita," akasema, na mama yake akamuita ndani.

Siku ya nne, Kapita alikataa kula. Alikaa kona ya zizi, kichwa chini, na uzi wa mate ukamutoka mudomoni, murefu, una damu kidogo. Mama Zaina alikuwa anapita na ndoo, akaona ninachoangalia, naye akauona ule uzi. Aliweka ndoo chini taratibu sana, maji yasimwagike, akaingia nyumbani. Nikamusikia anamuita Zaina, na Zaina akajibu kutoka chumba kingine, sauti ya kawaida ya mutoto, na mama hakuwa na kitu cha kumuambia. Alitaka tu kumusikia akijibu.

Asubuhi ya siku ya tano nilivuta bakuli kwa fimbo, na chini ya maji kulikuwa na jino. Jino dogo, jeupe, la kunyonyea. Miezi mine ndiyo wakati wa meno kubadilika. Nimeyaokota mamia, nimewaambia wanunuzi wasiogope mate na damu ya siku zile, na mimi mwenyewe nilisahau elimu yangu yote mbele ya uzi mumoja wa mate. Nilikimbia mpaka kituoni, jino nimelifunga kwenye jani. Alfonse aliliangalia akiwa amesimama.

"Jino halisemi kitu," akasema. "Siku kumi ni siku kumi. Na nawa mikono."

Siku ileile muchana pikipiki ilifika na sanduku la barafu, barafu imeshakuwa maji ya baridi tu, na dawa ndani. Zaina alichomwa. Nilikuwa nje, nikisikiliza kupitia dirisha. Hakulia. Aliuliza kama na mbwa atachomwa, na Alfonse akamuambia siyo leo.

Kuanzia hapo tulikuwa na vitu viwili vya kungojea, na kimoja hakikupunguza kingine. Dawa ilichelewa siku tano. Hakuna aliyejua kama zilikuwa nyingi. Siku ya sita Kapita alikula. Siku ya saba alikula na kunguruma kwenye mufupa. Siku ya nane mumoja wa vijana wale wa fimbo alikuja kukaa na mimi, akaniuliza namna ya kumuzuia mbwa wake kuiba mayai, na nilimujibu huku macho yangu yako kwenye zizi. Siku ya tisa nilihesabu tena siku zote kwa vidole, nikiogopa nimeruka moja.

Siku ya kumi Alfonse alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya zizi. Nikasogeza bakuli kwa fimbo. Kapita akaamka, akajinyoosha miguu ya mbele, miguu ya nyuma, kama mutu asiye na haraka ya kwenda kazini, akaja akanywa mpaka chini ya bakuli likaonekana.

"Huyu hana kitu," Alfonse akasema. "Sindano za mutoto zilizobaki tumuchome tu, dawa isipotee bure baada ya njia ndefu iliyopita. Lakini hana kitu."

Mama Zaina alikaa chini pale alipokuwa, kwenye muchanga. Majirani wakaanza kushukuru, kila mutu kwa dini yake. Kijana wa mayai akanipiga bega. Na mimi, kwa muda mudogo, nilirudi kuwa Profeseri. Nilikuwa nimeshafungua mudomo niseme kwamba niliwaambia.

Ramazani ndiye aliyesema kwanza. Hakupaza sauti.

"Kama hana ugonjwa, kwa nini alimuuma mutoto wangu?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, na kwa siku kumi hakuna aliyeliuliza, kwa sababu wote tulikuwa tunauliza lile lingine. Mbwa akiwa mugonjwa, ugonjwa ndio unauma. Ugonjwa ungenificha. Mbwa muzima hakunificha.

Nilichukua kitambaa changu cha kufuta jasho, nikakifunga kwenye ile fimbo ya bakuli, nikakipitisha juu ya mbao za zizi.

"Shika," nikasema.

Kapita aliruka juu, akakikamata hewani, akabaki ananing'inia, miguu haigusi chini. Aliniangalia akingoja nyama. Hapa hakuna aliyepiga makofi.

"Nilimufundisha mimi," nikamuambia Ramazani. "Alifanya sawa na nilivyomufundisha. Hakukosea."

Ramazani akanijibu kwamba nimuchukue, na kwamba nisilete mbwa mwingine nyumbani kwa mutu Kabambare mpaka huyu amesahau kitambaa. Nikamurudisha Kasongo kwenye kitunga kilekile. Veterineri alipopita, Kapita alichomwa wa kwanza, na mama yake tena, na wale wote niliokuwa nimewauza karibu niliwafuata nyumba kwa nyumba, nikisema kwenye kila mulango kile nilichokisema kituoni. Wengine walinifukuza. Ilinichukua msimu muzima.

Kufundisha kitambaa kulichukua siku chache. Kumusahaulisha kulichukua miezi, na hii ndiyo sehemu ninayotaka muisome mara mbili. Neno lile sikulisema tena. Niliweka kitambaa chini, mbali, Kapita akiwa na kamba. Alipokiangalia kisha akaniangalia mimi, nikamupa samaki. Siyo alipokishika na kuachia, hapana: alipokiacha. Baadaye kitambaa juu ya kamba ya nguo, bila upepo. Baadaye na upepo. Baadaye mukononi mwangu, nikitembea. Baadaye kiunoni mwa muke wangu, akitembea, akinilaani polepole. Akikosea, sikumupiga, nilirudi nyuma hatua mbili. Nilirudi nyuma mara nyingi. Muke wangu alisema kwamba sasa hata mimi nimepelekwa shule.

Mwisho wa kiangazi Mama Zaina alikuja Kasongo kwa arusi ya ndugu yake. Alikuja kwangu na Zaina bila kutuma habari. Mukono wa mutoto ulikuwa na alama mbili ndogo, zinang'aa. Kapita alikuwa na kamba mukononi mwangu, ameshakuwa mbwa mukubwa. Zaina alisimama kwenye lango, amevaa ushungi ule wa kwenye magoti, akamuangalia mama yake. Mama yake akaniangalia mimi. Nikamuambia hakuna haja. Zaina hakunisikiliza. Alianza kupita uani.

Alipita kwanza haraka. Halafu akageuka, akapita mara ya pili polepole, karibu zaidi, na upepo ukainua kitambaa. Kapita alisimama. Masikio yakaenda mbele. Halafu akageuza kichwa, akauangalia mudomo wangu, akingoja. Maisha yangu yote nilikuwa na neno la kusema, mbele ya padri, mbele ya soko zima. Nilifunga mudomo mpaka taya zikaniuma.

Kapita akakaa chini.

"Asinilambe," Zaina akasema, anaendelea kutembea. "Nimeshatawadha."

Kesho yake niliwaita ninyi, nikawagawia minyororo na vitunga. Kamba ya Kapita sikuitoa. Kila Jumamosi muke wangu anaanika vikwembe, Kapita anapita chini yake, na mimi nakaa nimeishika ile kamba, nimenyamaza.